Wanaomtafuta Muuaji wa Dativa

Jumapili, Remera. Mvua ilianza tukiwa bado misani na mpaka jioni hii haijakata. Nina hasira, halafu woga, halafu hasira tena. Nilikuwa nimepanga kuandika habari za dukani, za maharusi wanaonirudishia mishanana ya kukodi, yale mavazi yetu ya sherehe ya kufungwa begani, ikiwa na madoa ya mchuzi halafu wananikazia macho kama mimi ndiye niliyeimwagia. Sitaweza. Leo naandika kuhusu dada yangu.

Kwa atakayepita hapa bila kunijua: Dativa ni dada yangu wa tumbo moja. Tulizaliwa Karagwe, Tanzania, tukakulia huko kabla ya wazazi kurudi nasi Rwanda. Mchana mmoja, nyumbani kwake Gahanga, mtu aliingia uani, akampiga kichwani, akamwacha amelala karibu na jiko. Hakuchukua kitu. Mume wake, shemeji Faustin, alikuwa shambani upande wa Bugesera. Binti yao Keza alikuwa shuleni. Mpaka leo hajakamatwa mtu. Nikienda kuuliza naambiwa, kwa adabu kabisa, kwamba uchunguzi unaendelea, nisubiri.

Nasubiri. Nifanye nini kingine?

Keza ana miaka kumi na minne. Tangu msiba anaishi kwangu, kwa sababu hakuweza kuuvuka tena ule ua. Ananiita mama wacu, mama yetu, ndivyo tunavyomwita huku dada wa mama. Sikuwahi kuzaa. Yeye ndiye niliyebaki naye.

Sasa, kuna kundi.

Ni kundi la mtandaoni, la Kiswahili. Kuna watu wa Dar, wa Mombasa, wa Goma, wa Bujumbura, na wa hapa hapa Kigali. Kazi yao ni kuchambua mauaji ambayo hayajapata jibu. Si askari, si mawakili, ni watu tu wenye simu na muda. Mteja wangu mmoja ndiye aliyenionyesha, akiwa hajui kama marehemu ni ndugu yangu. "Humu kuna kesi ya Gahanga," akaniambia, "tamu hiyo!" Tamu. Nikamfunga mshanana wake begani, nikambana kwa pini, akaenda zake. Alipotoka tu, nikajiunga.

Nilitumia jina la kubuni. Nilijiambia kwamba kati ya watu wengi hivyo hatakosekana mmoja aliyeona kitu, au anayemjua aliyeona. Ukishachoka kuambiwa subiri, unagonga mlango wowote.

Mkubwa wao anajiita Inspekta. Hajawahi kukanyaga Gahanga, lakini amechora ramani ya nyumba ya dada yangu, na jiko ameliweka upande wa barabarani. Anasema pale ni porini. Pori gani jamani? Ni mashamba ya maharage na nyumba mpya ambazo bado zinanuka rangi! Nadharia yake ya kwanza ilikuwa vibarua waliokuwa wakijenga kwa jirani. Akaiacha, akaja na ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Wakabishana juu ya mpaka huo karibu wiki nzima, na Dativa hakuwa na ugomvi wa mpaka na mtu yeyote. Kisha mwanamke wa Dar, anayejiita Dada Sheria, akasema geti halikuvunjwa, kwa hiyo muuaji alikuwa na ufunguo.

Ufunguo! Dativa geti lake alikuwa akilifunga kwa ajili ya mbuzi tu, wasitoke. Kila mtu alikuwa akiingia. Vibarua waliomba maji, mama wa mkaa aliingia kupumzisha miguu, watoto wa jirani walikuja kula. Niliwaandikia hivyo, wakanishukuru sana, nikalala siku ile nikijiona nimemsaidia dada yangu.

Halafu mtu akaleta video ya mazishi.

Faustin amesimama kando ya kaburi, koti limefungwa vifungo vyote, jicho kavu. Kundi likawaka moto. "Mume hana hata tone la chozi!" "Huyo anajua kitu." Mmoja akasema baba yake alipomzika mama yao ilibidi ashikwe na wanaume wenzake asijitupe kaburini. Wakaukata uso wa Faustin, wakaukuza, wakauchorea mshale mwekundu. Mimi nikawaambia: nyie mmekulia kwingine. Huku mwanamume amefundishwa tangu mdogo asilie mbele za watu, na akilia, wazee ndio wanaoona aibu kwa niaba yake. Mimi mwenyewe niliporudi kutoka Tanzania nilidhani watu wa huku hawana huruma. Nikaongeza kwamba mtu kuwa peke yake shambani si ushahidi. Kulima kunahitaji hadhira?

Inspekta akauliza, "Wewe mbona unamtetea sana huyo bwana?"

Hapo ndipo nilipopaswa kufunga mdomo. Mdomo wangu haujawahi kunisikiliza. Nikajibu kwa jeuri kwamba namtetea kwa sababu namjua, na wao hawamjui.

Yewe! Basi wakaacha kumtafuta muuaji, wakaanza kunitafuta mimi. Na haikuwa vigumu kunipata, namba niliyojiungia ndiyo namba iliyo kwenye bango la duka. Wakaingia kwenye ukurasa wa Dativa, ambao hatujawahi kuwa na moyo wa kuufuta. Wakashuka mpaka picha za zamani. Wakaikuta moja ya siku yangu ya kuzaliwa, nimeshika keki, na chini yake Faustin ameandika: "Hongera mke wangu mdogo. Huyu mkubwa akizeeka nakuja kukuchukua." Dativa akamjibu pale pale: "Mchukue leo, anamaliza chakula."

Utani wa shemeji. Nauliza, Dar hakuna mashemeji? Mombasa hawataniani? Lakini picha waliyoisambaza wameikata. Maneno ya Faustin yamo, jibu la Dativa halimo. Mtu wa hapa Kigali, na huyu ndiye ninayemchukia zaidi kwa sababu anajua anachofanya, akawaeleza kwamba zamani Rwanda mke akifa familia yake iliweza kumpa mume yule mdogo wa marehemu. Kweli, ilikuwepo. Enzi za mabibi wa mabibi zetu. Kundi likapiga makofi.

Kwa hiyo muuaji wa dada yangu ameshapatikana. Ni mimi na shemeji.

Niliandika jina langu halisi, nikaeleza kila kitu, nikawabembeleza, mimi niliyeshindwa hata kumbembeleza mume asiniache. Wakanitoa kundini. Sasa wanaendelea kunizungumzia na siwezi hata kusoma wanachosema. Nilimpelekea habari hizi afisa mwenye jalada letu. Akasema niwahifadhie picha za mazungumzo na nisijibizane nao. Alisema kwa upole. Ule upole wao unanimaliza.

Leo baada ya misa Faustin amekuja kama kila Jumapili, na mfuko wa parachichi, amelowa mpaka kwenye soksi. Keza alikuwa chumbani. Nikamwita, akasema kichwa kinamuuma. Ni wiki nzima sasa kichwa kinamuuma, nami nilikuwa nasingizia mitihani. Faustin akakaa, akanywa chai, akauliza kama mtoto anakula vizuri. Ana simu ya vitufe, hajui lolote. Nilifungua kinywa mara kadhaa nimwambie, nikaishia kumwongezea chai. Ungeanzia wapi? Shemeji, watu wanasema tulimuua?

Na nitaandika hili kwa sababu nisipoliandika litaniozea ndani. Alipokuwa ameshika kikombe, niliitazama mikono yake. Niliitazama kwa muda. Mikono ya mtu aliyenibebea jeneza la mama, na mimi nikawa najiuliza. Nimewatukana watu wa kundi tangu mwanzo wa ukurasa huu, lakini nimekaa sebuleni kwangu nikafanya kazi yao.

Alimuaga binti yake kupitia mlangoni. Keza akajibu neno moja tu.

Baba yake alipofika barabarani, mtoto akatoka, akaweka simu mezani mbele yangu. Ile picha. Mimi, keki, maneno ya Faustin, na juu yake maandishi mekundu. Wenzake wa darasani ndio waliomtumia. Shule nzima imeiona, na mimi asubuhi namsukia nywele nikimlalamikia kuhusu mitihani.

"Mama wacu," akasema, "ulimtaka papa?"

Nikamwambia hapana. Nikamtafutia picha yenyewe, nzima, nikamwonyesha jibu la mama yake. Akalisoma. Midomo ikamcheza kidogo, kwa sababu ndivyo Dativa alivyokuwa anaongea hasa, na mimi nikadhani tumevuka. Kisha akauliza baba yake alikuwa wapi siku ile. Nikasema shambani. Akauliza nani alimwona huko.

Ningeweza kuapa. Nilitaka kuapa, jina la Mungu lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini huyu mtoto ameshadanganywa na watu wazima wengi tangu mama yake afe, na mimi sikuwepo Bugesera. Naamini hakufanya. Nikamwambia hivyo, kwamba naamini. Nikaona machoni pake kwamba hilo neno halikumtosha, maana watu wa kundi hawaamini, wao wanajua.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Dukani, mwanangu. Nilikuwa dukani. Aliuliza kwa sauti ndogo tu, bila ukali wowote, na afadhali angenitukana.

Nikaenda jikoni kwa sababu miguu ilitaka kwenda mahali. Nikachemsha maziwa, nikatia sukari vile anavyopenda, nikamletea. Alikuwa ameketi mezani. Akakishika kikombe, akakitazama, halafu akakisukuma taratibu upande wangu.

"Anza wewe, mama wacu."

Huku kwetu mtu akimpa mgeni kinywaji hutangulia kuonja yeye, ili mgeni aone kwamba hakuna sumu. Ni heshima ya kale, wazee wanaifanya mpaka leo kwenye pombe. Lakini ni kwa mgeni. Hajawahi kuonjewa mtoto wa nyumbani, kwa maziwa, na mwanamke anayemsukia nywele.

Nilikunywa. Alinitazama mpaka nikameza. Akangoja kidogo, kisha akachukua kikombe, akanywa yote, akasema asante, akaenda kuoga.

Inspekta atapata kesi nyingine wiki ijayo. Muuaji wa dada yangu, popote alipo, huenda leo ameshinda ndani kama sisi, akiikimbia mvua hii hii. Sina la kumfanya. Sina la kumfanya mtu yeyote.

Kesho Keza ana shule. Nitaamka kabla yake, nitachemsha maziwa, nitayaweka mezani, na nitaanza mimi kunywa ili asilazimike kuniomba.