Dawa ya Upele na Kopo la Udhu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Ni upele. Muuguzi wetu, enfermeiro Hélder, kawamulika vidole wazee wote tisa wa hili lar, makao yao haya, tochi ya simu nikishika mimi, akasema upele, tena wa kuambukiza. Bibi Sumaia akamjibu: tunajua tangu Agosti, tulikuwa tunangoja serikali ithibitishe!

Dawa nyeupe, inanuka kama mlango uliopakwa rangi jana. Shingo mpaka nyayo, ikae siku nzima, isioshwe. Nimewapaka mimi, mlezi wao. Imewachoma! Mzee Momade, mwadhini wa zamani kule Mocímboa, hajasimama bila fimbo tangu Ramadhani — leo kakimbia uani uchi akiita mitume kwa majina. Astaghfirullah, nimecheka mpaka nimekaa chini.

Shuka nimechemsha zote. Mwili unaniwasha kidogo. Joto tu. Upele ni wa wachafu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nadia anakuja! Binti wa Bibi Sumaia. Walipotezana wakikimbia vita Mocímboa, miaka mitano hawajaonana. Kumbe yuko Nampula, na ana mtoto mchanga. Atafika Jumapili, kesho yake alfajiri anarudi na gari lile lile. Hélder kasema sawa — ila akionekana mmoja tu mwenye upele asiyepakwa dawa, geti linafungwa na nyumba nzima inaanza dawa upya.

Bibi kashaanza kusaga msiro, ule mti wa kupaka uso uwe mweupe. Mwili mmeshaufanya mweupe, anasema, uso nao usione wivu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Vidole viko vilevile! Hélder kauliza nani kaosha dawa. Hakuna. Wote wanaapa, na mimi naapa nao.

Ikaadhiniwa adhuhuri. Nikachukua kopo langu, nikaanza kuwatilia maji ya udhu, mkono baada ya mkono, mguu baada ya mguu, kama kila siku. Hélder kasimama mlangoni, mdomo wazi.

"Mama Tarique, hivi mara ngapi kwa siku?"

"Tano, mwanangu."

Tano! Dawa yote imekwenda mtaroni, kwa mkono wangu. Yeye Mkristo wa Mueda, nani angemwambia? Mimi ninayejua sikufikiri. Mzee Momade kasema basi mende wa mtaroni wamepona.

Tumewapaka upya. Sasa kila baada ya sala chupa inapita, mikono na miguu tena. Mzee analalamika atanuka mbele ya Mola. Nikamwambia, Mola kakuvumilia miaka themanini, dawa itamshinda?

Jumamosi, 11 Oktoba

Vidole vyao vinakauka. Alhamdulillahi.

Vyangu je? Nimevitazama dirishani. Vipele, na vijimistari katikati kama njia za mchwa. Nimepaka watu tisa mara mbili, mwenyewe sikujipaka hata tone! Na tangu alfajiri nawashika hao hao. Haya, mchafu ndiye huyu.

Chupa zimeisha. Nyingine Jumatatu.

Nikisema, geti linafungwa. Nikinyamaza — mtoto mchanga wa watu.

Bibi Sumaia kaniona nikijikuna kwa kalamu. Kanitilia mfukoni glavu alizoiba kwa Hélder. "Vaa, mwanangu, siku moja tu. Mungu msamehevu."

Nikamwambia, Mungu ndiyo, Bibi. Upele siyo.

Lakini glavu sikumrudishia.

Jumapili, 12 Oktoba

Gari limefika. Mtoto analia nje ya geti — sauti kubwa, mashaallah, mjukuu wa Bibi kweli. Bibi kapaka msiro, kaketi wima kama bibi harusi, hataki hata maji, asije akaharibu midomo.

Hélder anakagua kabla ya kufungua. Nimejificha stoo, nimesema natafuta taulo. Wazee wamepita wote, namsikia Mzee Momade akitaka apewe cheti. Sasa naitwa mimi.

"Mama Tarique! Wewe wa mwisho!"

Bibi anakohoa. Kikohozi kile si cha kifua, ni cha kunikumbusha mfuko.

Glavu ya kulia imeingia, ndiyo maana mwandiko huu mbaya. Ya kushoto inagoma, vidole vimevimba. Bismillahi, navuta. Nje namsikia Nadia: "Mama! Mama, unanisikia?" Na Bibi, wa mdomo ule! Analia tu.

Ya Rabbi.

Nimeivua ya kulia, avione vidole vyangu. Mwandiko umerudi. Hélder anapiga hodi —