Shangazi wa Chumba cha Mitambo

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Na Mama je, bado anakugombeza ukishinda juani bila kofia? Mimi mzima kabisa, njaa tu ndiyo inanisumbua kila ikifika saa nne. Nakuandikia kwa kuwa simu umeikataa tangu ustaafu, eti inakwaruza. Haya, barua anakuletea dereva wa kituo chetu cha redio. Mpe angalau maji ya kunywa.

Baba, wiki ya tatu sasa nakalia kiti chako cha fundi mitambo! Kimebonyea kwa umbo lako, kila nikikaa nateleza. Shangazi nimemkuta palepale uliponiambia, ile mashine kuukuu ya taa za kioo ambayo kila mtangazaji lazima aipitie ndipo sauti yake iende hewani. Sasa naelewa kwa nini mliipa jina hilo. Anayepiga kelele anamtuliza, anayenong'ona anampandisha, hakuna asiloingilia.

Lakini alikuwa mchafu, jamani! Nimempa usafi wa nguvu. Swichi zote za kuzungusha nimezing'oa nikazisugua, na ile mistari ya penseli iliyojaa usoni pake nimeifuta yote kwa spiriti. Sasa anang'aa. Ungemwona ungefurahi mwenyewe.

Ni mimi,
Kitindamimba wako

8 Machi

Kitindamimba,

Marahaba mwanangu. Sisi wazima. Mgongo unalalamika ila haujagoma. Mama yako anakusalimu sana.

Umefuta NINI?

Nimesoma mara tatu nikidhani macho yananichezea. Ile mistari, wewe mtoto, si uchafu! Kila mstari ni mtu. Ule wa kushoto kabisa ni wa dada msoma taarifa wa asubuhi. Wenye nukta mbili ni wa mtangazaji wa mpira, yule mwenye koo la tarumbeta. Mtu akiingia studio, fundi anazungusha swichi mpaka kwenye mstari wake, basi, kazi imekwisha. Miaka thelathini na moja nimeichora hiyo mistari. Sikuwa na daftari wala nakala, yote ilikuwa pale pale usoni pa Shangazi.

Nimekasirika, sikufichi. Mama yako ameninyang'anya kalamu mara mbili nisiandike mengine.

Baba yako

12 Machi

Baba,

Shikamoo, na unisamehe. Nimelia chooni ili watu wasinione. Nilipaswa kuuliza kwanza, nikajifanya mjuaji.

Hapa mambo yameharibika. Msoma taarifa anasikika kama yuko ndani ya pipa. Juzi mtangazaji wa mpira alishangilia goli, Shangazi akambana hadi goli likatoka kama kikohozi. Simu za wasikilizaji hazikatiki. Meneja naye amepata sababu aliyokuwa akiitafuta siku zote. Amesema Jumatatu tarehe 31 atasikiliza mwenyewe taarifa ya saa kumi na mbili asubuhi. Sauti isipokuwa safi, Shangazi anang'olewa anauzwa chuma chakavu, na kazi yake inafanywa na kompyuta.

Baba, siwezi kuwa mimi niliyemuua. Nitumie vipimo, vyovyote unavyokumbuka. Mama mwambie aniombee.

Mwanao mkosaji

16 Machi

Kitindamimba,

Marahaba. Futa machozi. Wiki yangu ya kwanza pale mimi nilizima jengo zima, na meneja wa wakati ule alikuwa hewani akihojiwa. Wasiofanya kazi ndio hawaharibu.

Vipimo ninavyo kichwani, nilijiuliza tu kama vitatoka kwa mpangilio, navyo vimetoka. Msoma taarifa: nguvu nne, kubana tatu, sauti nyembamba tisa. Mtangazaji wa mpira: nguvu mbili, kubana saba, sauti nyembamba tisa. Wengine nimekuandikia nyuma ya karatasi. Fuata hivyo hivyo. Tafadhali usitie maarifa yako.

Mama yako amekutumia soksi.

Baba yako

25 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini wote mmeamka salama. Soksi zimenienea, mwambie Mama asante.

Nimefuata vipimo vyako kama dozi ya hospitali. Pipa limeondoka, kweli. Ila sasa kila sauti inachoma, Baba. Msoma taarifa akisema "asubuhi njema wasikilizaji," ni kama maji yamedondoka kwenye mafuta ya moto. Nimekagua taa, nimekagua nyaya, hata hedifoni nimeazima nyingine. Hakuna kibovu.

Nikaenda kwenye kabati la barua za wasikilizaji kuona zamani walisemaje. Miaka saba sasa wanaandika jambo moja, kwamba sauti zetu zinachoma masikio. Kabla ya hapo hakuna hata barua moja ya namna hiyo. Nikamuuliza msoma taarifa. Akainamisha kichwa, akasema, "Tulijua. Sasa nani angemwambia Mzee?"

Mtu akizeeka, sauti nyembamba ndizo za kwanza kumpotea. Nadhani ulikuwa unaziongeza kwa sababu ulikuwa huzisikii tena. Na simu, Baba, ni simu kweli inayokwaruza?

Sikudharau, Mungu ni shahidi wangu. Jumatatu nataka kumrekebisha Shangazi kwa masikio yangu mwenyewe. Dereva atapita kwenu Ijumaa. Ukinikataza nitatii. Usiponijibu, nitafanya, halafu ndipo unikasirikie.

Mwanao anayekupenda

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, na leo nakujibu kwa moyo mweupe.

Dereva alipopita Ijumaa nilimwambia sina barua. Nilinuna, ndiyo. Nilinuna siku nne nzima, chakula nikawa nakula nimewageuzia watu mgongo. Iliniuma kwamba wote pale walijua, wakanistahi, wakaacha mji mzima uchomwe masikio kwa ajili yangu. Lakini ulilosema ni kweli. Simu haina kosa. Watu wakiongea nasikia wanavumavuma tu, maneno sishiki, nikaona aibu kusema. Alhamisi Mama yako ananipeleka kwa daktari wa masikio, na nimekubali bila kuburutwa.

Meneja amempigia Mama yako simu. Anasema Shangazi habanduki, na fundi wake ni wewe. Ukichora mistari yako, chora.

Ila nikusimulie Jumatatu ilivyokuwa. Saa kumi na mbili kasoro niliketi jikoni mbele ya redio. Unajua redio yetu ina kitambaa juu ya spika, kimekunjwa mara nne. Miaka yote nilidhani Mama yako anazuia vumbi. Taarifa ikaanza. Mimi, sikufichi, sikuona tofauti yoyote. Mama yako akaacha vyombo, akaja akasimama. Akasikiliza kidogo. Halafu akakiondoa kile kitambaa, akavuta kiti, akakaa.

Nikamuuliza, "Vipi?"

Akanikaripia kwa mkono ninyamaze. Alisikiliza habari zote, mpaka za hali ya hewa. Kisha akanisogelea sikioni, akasema kwa sauti kubwa ili nisikie:

"Kumbe yule dada ana sauti nzuri!"

Baba yako