Magadi Mara Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Nimetia magadi kwenye mboga ya mlenda, nikakoroga, nikasahau, nikatia tena. Haukulika. Nimemwaga wote. Mlenda napika tangu nikiwa mtoto kule kijijini Kibakwe! Nimejikasirikia hadi hamu ya kula ikaisha.

Alhamisi, 6 Machi
Kosa lilelile, na safari hii mwanangu Esta alikuwepo. Ameonja tonge moja, akanitazama. Anataka niiache nyumba hii ya Chang'ombe nihamie kwake. Nimemfokea. Nyumba hii niliijenga na marehemu baba yake. Sihami ng'o. Lakini naogopa. Akili ikinitoka, nitabaki na nini?

Jumanne, 11 Machi
Hospitali. Daktari, binti mdogo, ameniamkia shikamoo kisha akanihoji kama polisi. Presha ipo juu. Vidonge? Nameza kichwa kikiuma tu. Natembea? Mpaka getini. Nasikia vizuri? Nikamwomba arudie swali. Chumvi situmii sana, nikajitetea.
"Na magadi je, Mama?" akadakia Esta. Msaliti.
Kumbe nayo yanapandisha presha. Daktari akanitajia maneno matano niyashike. Baadaye nikakumbuka mawili. Mimi, mwalimu niliyejua darasa zima kwa majina, na ya baba zao! Anasema usahaulifu wangu umepita ule wa uzee wa kawaida, ila bado ni mdogo. Nikimeza dawa kila siku, nikatembea, nikakaa na watu, huenda usizidi. Swali la mwisho lilinichoma: kutwa naongea na nani?

Jumatano, 12 Machi
Leo nimeongea na muuza nyanya. Basi.
Kibakwe tulipanda mlima kwenda shambani wanawake kumi, midomo haifungi njia nzima. Jioni tunapiga ngoma mpaka jasho. Hakuna aliyeyaita mazoezi. Nayatamani yale maisha. Nyumba ninayoipigania haina hata wa kubishana naye.

Jumamosi, 15 Machi
Nimefunga nyumba. Funguo nimempa Esta, nahamia kwake. Nimelia, sikujificha.

Jumapili, 23 Machi
Tumetembea asubuhi, mimi na Esta, polepole. Nikamsimulia nyuki walivyovamia harusi yangu, baba yake akajificha chini ya meza ya mchungaji. Amecheka. Nikiwa katikati nikakumbuka: hii nilimsimulia jana. Nikaikatiza kwa aibu.
"Endelea, Mama," akasema.
Nikaendelea.