Kisiki Ndani ya Tuta

Tingi, 20 Agosti 1951

Kwa mdogo wangu Kondo,

Assalamu alaykum. Marahaba, naitikia kabla hujaniamkia, maana najua utasahau. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu, ila mjomba Tawakali kifua kinambana, na mbuzi wa jirani wamemaliza mihogo yangu. Wewe je, huko Lindi? Unakula? Nakuandikia kwa zile herufi za Kiarabu za chuoni alizotufundisha baba kwa bakora, kwa hiyo usinicheke mistari ikipanda mlima.

Habari kubwa ni tuta. Alikuja bwana shamba kutoka Kilwa, mzungu kijana, akasema bonde letu lizibwe kwa udongo pale linapobana, ili mafuriko yaliyomchukua mkeo Samia na mtoto yasirudi kumchukua mwingine. Wanaume wamechimba, sisi wanawake tumebeba udongo kwa makanda na kuushindilia kwa michi. Mikono imetoka malengelenge, lakini nyimbo zilikuwa nzuri.

Shida ilikuwa msoro, mti wetu wa tambiko, umesimama palepale tuta linapopita. Bwana shamba alitaka ukatwe na mizizi yote ing'olewe. Alisema mzizi ukioza ndani ya tuta, maji hupata njia. Mjomba, kwa kuwa ndiye mkuu wa ukoo, alikubali shina likatwe. Mizizi akakataa katakata. Alisema unga wa tambiko wa wazee wote umeingia humo, na haiguswi mpaka mwenye ukoo amwage unga kwa mkono wake na kuiombea ruhusa, na yeye hatamwaga. Mzungu akapatwa na homa, akarudishwa Kilwa. Kisiki kikafukiwa, tukapiga vigelegele.

Njoo ulione tuta.

Dada yako, Biasha


Rasbura, Lindi, 2 Novemba 1951

Dada Biasha,

Barua imefika. Mimi mzima. Napakia magunia gatini, asubuhi natoka, jioni narudi. Nakaa chumba kimoja na Valentini, Mmakonde wa Newala. Ndiye anayepika. Asiponiita kula, sili.

Umemtaja Samia. Nilisoma nikangoja nisikie kitu, sikusikia. Si hasira wala si huzuni. Ni kama mguu ulioingia ganzi, unaushika na hauna habari nawe. Valentini anasema niende mahali nilie. Sina pa kuanzia.

Tuta ni jambo jema. Msalimie mjomba.

Mdogo wako, Kondo


Tingi, 10 Juni 1952

Kwa mdogo wangu Kondo,

Assalamu alaykum. Barua yako haikuwa hata na shikamoo. Huko Lindi mmeifanyia nini, mmeipakia melini? Mimi ni mzima. Mjomba hatunaye. Alifariki mwezi wa nne, tukamzika mlimani karibu na bibi. Nilikupelekea salamu na mtu wa lori la pamba, sijui kama zilifika.

Sasa sikiliza vizuri. Mvua za mwaka huu zilikuwa kubwa na tuta lilizuia. Watu wamefurahi mno, wameshuka kulima mpunga chini ya tuta, na wengine wamejenga hukohuko. Hata mimi nimejenga, nimechoka kupanda mlima na mtungi kichwani. Lakini pale kilipofukiwa kisiki, tuta linatoa jasho. Mwanzoni maji yalikuwa safi, nikasema si neno. Sasa yanatoka na udongo. Nimeweka kiganja nikauona. Tuta linaliwa kwa ndani.

Nimewaambia wazee kisiki king'olewe kabla ya mvua nyingine. Wamesema mwenye kusema neno hilo ni mkuu wa ukoo, na kwetu urithi hupita kwa mpwa. Mpwa wa mjomba ni wewe tu. Uje umwage unga wa mtama kwa mkono wako, useme mizizi itoke, watu washike majembe. Ni kazi ya siku moja tu, ndugu yangu, kisha urudi zako. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku hatuna wa kuujenga tena.

Dada yako, Biasha


Rasbura, Lindi, 15 Agosti 1952

Dada,

Nimepata habari za mjomba. Mungu amrehemu.

Siwezi kuja. Si kwamba nimekatazwa kazini. Nikifikiria kusimama kwenye lile bonde, miguu haikatai wala haikubali, inakaa tu. Mimi si mkuu wa kitu chochote. Fanyeni mnavyoona.

Kondo


Tingi, 3 Novemba 1952

Kondo,

Salamu zako za afya sikuzipata, lakini yangu si mbaya. Barua yako niliisoma mbele ya jumbe na wazee. Mzee mmoja akasema, "Haya, karatasi imesema. Sasa na imwage unga." Wakacheka, wakaenda zao. Mimi sikucheka.

Mawingu yameanza kukaa upande wa Matumbi. Watoto wanacheza pale chini kunapotoka jasho, wanajenga matuta yao madogo. Nakuomba, baba yangu. Sikukuomba hivi hata siku ya mahari yangu.

Dada yako, Biasha


Tingi, 28 Machi 1953

Kwa mdogo wangu Kondo,

Assalamu alaykum. Hukujibu, na mimi sikungoja.

Nilianza Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini. Nilipiga jembe la kwanza nikasema jina la mjomba, nikasema anisamehe. Walipotoka kuswali walinikuta nimefika kwenye kisiki. Walipiga kelele, ila hakuna aliyenigusa. Waliogopa kusogea, maana mwenye kuugusa mzizi bila ruhusa ana balaa, na anayemgusa naye hulipata. Kwa hiyo nilichimba mchana kweupe, siku kwa siku, watu wamesimama mbali wakinitazama. Bwawa lilikuwa limekauka, ndiyo bahati yangu.

Kondo, kisiki kilikuwa ganda tu. Mchwa walikuwa wamekimaliza. Mzizi mmoja mkubwa ulikuwa umeacha shimo, nikatia mkono ukaingia mpaka kwapani. Niliukata na mingine yote, nikaitoa, nikabeba udongo wa kichuguu na kujaza, nikashindilia kwa mchi wangu mwenyewe mpaka ukapasuka. Sikuwa na unga wa kumwaga wala mkono wa kuumwaga. Nilimwaga jasho.

Mvua zimekuja, kubwa kuliko mwaka ule. Maji yamejaa mpaka ukingoni, yakapita kwa adabu kwenye mfereji wa pembeni mwa tuta. Tuta limesimama. Pale pa kisiki pakavu.

Hakuna anayenisalimia. Nikipita kisimani wanainama kama wanatafuta kitu. Asubuhi hawaji tena kuomba moto kwangu. Mtoto wa jirani aliugua surua, nikasikia nimetajwa mimi. Wanalala salama chini ya tuta, wakiamka hawanijui. Inaniuma, sitakuficha.

Nataka kitu kimoja. Njoo uwaambie kwamba ulinituma. Ukisema wewe, yataisha.

Dada yako, Biasha


Kilwa Kivinje, 9 Julai 1953

Kondo,

Nimehamia Kivinje. Nakaa uani kwa mama mmoja, Helena, namsaidia kukaanga samaki. Nyumba nimeiacha ilivyo.

Zamani nilidhani unanidharau. Sasa nimekuelewa, mtu hukauka tu. Juzi mafuta yaliniunguza mkono, Helena ndiye aliyepiga kelele.

Usijibu.

Biasha


Tingi, 18 Oktoba 1953

Kwa dada yangu Biasha,

Shikamoo dada.

Mimi ni mzima, nami nakuandikia kutoka nyumbani kwako. Usishtuke. Barua yako ya Kivinje ilifika Rasbura siku ya mapumziko. Niliisoma, nikatafuta salamu sikuiona, wala hukujiita dada yangu. Mwanamke aliyeniitikia hata nisipomwamkia! Nilikaa kwenye kitanda nikasikia uchungu hapa chini ya mbavu, wa kwanza tangu mafuriko. Ulinitisha. Nilimwambia Valentini naumwa. Akanitazama, akasema, "Huumwi wewe. Nenda kwenu." Akanifungia mihogo ya njiani.

Nimelala hapa kwako wiki nzima bila kutoka, dada. Watu walidhani nimekuja kuuza nyumba. Kisha nikasaga mtama mwenyewe, kwa jiwe lako, unga ukatoka mbaya mno, ungenitukana. Nilimwita jumbe, nikawaita wazee na kila aliyeshuka kujenga bondeni, tukasimama juu ya tuta. Nikamwaga unga pale ulipojaza udongo. Nikasema, "Mimi Kondo, mpwa wa Tawakali, ndiye niliyemtuma dada yangu." Mzee mmoja akauliza, "Ulimtuma lini?" Nikamjibu, "Niliandika mfanye mnavyoona, na karatasi ile mliisikia wote mkacheka. Mkono wa kuumwaga unga ulikuwa wangu, ukachelewa. Kama kuna balaa, lije kwangu, nyumba yangu linaijua ilipo." Kisha mama wa yule mtoto wa surua akasema mtoto amepona zamani, anacheza, na akaanza kulia kwa aibu. Wengine wakatazama chini, na safari hii hapakuwa na kitu cha kutafuta.

Nimepanda mche wa msoro mlimani, karibu na kaburi la mjomba, mbali na maji. Nimekwenda pia mahali ilipokuwa nyumba yangu. Pana mpunga wa mtu umeshavunwa. Niliketi kwenye mabua. Nilidhani nitalia kwa sababu ya Samia na mtoto, na kweli nililia, lakini kidogo, kisha ikakatika. Sijapona. Nakuambia ili usije ukatazamia mtu mwingine.

Paa la jikoni lilikuwa limeanguka upande mmoja, nimelirudisha. Nimekuchongea mchi mpya wa mninga. Moto nauwasha alfajiri. Jana alikuja mwanamke wa kwanza kuomba kaa, akasimama mlangoni hajui aseme nini. Nikamwambia moto ni wa Biasha, achukue. Leo wamekuja wengine, na wote wanauliza utarudi lini. Nimewajibu sijui, maana sijui.

Sikuombi uwasamehe, wala unisamehe mimi. Mawingu yako Matumbi, na tuta linataka mtu wa kutia kiganja pale chini kila asubuhi aone kama pakavu. Nafanya mimi. Lakini sijui jasho la tuta linavyokuwa, wewe ndiye unayelijua.

Naiandika tena salamu yangu, kwa kuwa madeni ya miaka mingi hayalipwi mara moja. Shikamoo dada. Nangoja uniitikie.

Mdogo wako, Kondo