Namba Kumi na Nne wa Tarlow

Jumanne, 8 Januari 2019
Mwaka wa kumi na tisa huu nazunguka shule za huku Delta kutafuta mabinti wa mpira wa kikapu ambao makocha wa vyuo hawawaoni. Leo shule ya Tarlow. Watu thelathini na mmoja ukumbini, nimewahesabu. Nilimfuata yule mrefu wa timu ngeni anayesifiwa kila mahali. Mzito. Anakamata mpira kama anapokea mtoto wa watu.

Lakini Tarlow wana binti, namba kumi na nne. Tykeria Gaines, mwaka wa mwisho. Si mrefu. Anaona pasi kabla haijakuwepo! Paa linavuja, wameweka ndoo pembeni mwa uwanja — akamvuta mpinzani aliyemkaba mpaka huyo akaipiga ndoo teke, maji chwaa, yeye huyo kashafunga. Akageuka: "Shoga, usinifuate, hata mimi sijui ninakoenda!" Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Hakuna chuo kilichomwandikia. Hata kimoja.

Ijumaa, 11 Januari
Nimerudi. Nimemrekodi kwa simu. Kocha wao ni mwalimu wa historia, mtu mwema, anakiri mpira amejifunzia kwenye televisheni. Anasema Tykeria hajawahi kucheza ligi za kiangazi, ndiyo maana hajulikani. Kiangazi chote yuko kiwanda cha kambare, anakata samaki.

Baada ya mechi akanijia mwenyewe. "Wewe ndiye yule mama wa daftari? Umeniandika?"
Nikamwambia kurasa tatu.
"Tatu! Bibi yangu hata barua ya kanisa haisomi kurasa tatu."

Nikampeleka nyumbani. Bibi Earnestine ndiye aliyemlea. Miaka sabini na minne, mgongo umenyooka. Akaniuliza mlangoni ninauza nini. Nikasema siuzi. Akasema basi nile. Kambare wa kukaanga, mkate wa mahindi. Nikala kama sijawahi kula.

Jumanne, 22 Januari
Ripoti imekwenda kwa makocha thelathini. Wawili wamejibu. Mmoja anauliza urefu, kisha kimya. Wa pili ni Halvorsen, yule mama wa Iowa. Tumefahamiana kwa simu miaka mingi. Ana nafasi moja tu ya ufadhili iliyobaki. Masomo, chumba, chakula, miaka minne! Atakuja mwenyewe Jumamosi ya tarehe tisa.

Nimempigia Bibi Earnestine. Nikasikia amelaza simu mezani, anamwita Mungu jikoni.

Ijumaa, 1 Februari
Bora nisingekwenda leo.

Tykeria alikuwa anashuka ngazi za majukwaa. Alishuka upande-upande. Mkono kwenye reli.

Nikaanza kutazama miguu. Kila akiruka anatua kwa mguu wa kulia. Kila mara. Robo ya tatu alitua kwa wa kushoto, bahati mbaya, akafunga macho. Nukta moja tu. Nani mwingine angeona?

Nimerudi nyumbani nikazitazama rekodi zangu upya. Ile ya tarehe kumi na moja — tatizo lipo. Lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Nilikuwa natazama mikono.

Jumamosi, 2 Februari
Nimekwenda kwao asubuhi. Tykeria alikuwa kwenye kochi, goti la kushoto limefungwa karatasi ya kaki iliyolowa siki, dawa ya bibi yake. Limevimba kama boga. Wanajua tangu Novemba! Anacheza nalo tangu Novemba.

Nikasema twende kwa daktari, mimi nitaendesha. Akakataa. "Daktari akilisema, limeshasemwa, Bi Verlene. Nipe siku moja tu. Jumamosi moja. Nikishasaini wanikate watakavyo."

Nikawaambia habari za Lanette, binti mwingine niliyemtafutia chuo. Mwaka 2011 nilijua mgongo wake mbovu, nikamwandikia kocha kwamba hana tatizo. Wiki ya pili chuoni akaanguka mazoezini. Mwaka ulipoisha wakamrudisha. Sasa yuko dukani Greenwood, kwenye mashine ya kuhesabia pesa. Hawezi kusimama bila kuegemea. Nikienda pale napanga foleni nyingine.

Tykeria akasema, "Mimi si Lanette."
Lanette naye alikuwa jasiri hivyohivyo.

Bibi Earnestine alinisindikiza hadi kibarazani. Hakupandisha sauti. "Hayo macho yako, mwanangu, umekuja nayo kumtoa hapa, au kumrudisha kiwandani?"

 

Jumanne, 5 Februari
Halvorsen ameandika: ameshakata tiketi. Nimeandika jibu mara nne, nimefuta mara nne.

Nimempigia Tykeria. Nikamwambia sitampelekea mtu habari zake nyuma ya mgongo wake. Lakini nikiulizwa uso kwa uso, sitadanganya. Akasema: "Basi omba asiulize."

Nimeomba. Mimi, mtu mzima, nimepiga magoti kuomba hilo.

Alhamisi, 7 Februari
Mvua. Sijalala vizuri.

Jumamosi, 9 Februari
Naandika garini, daftari juu ya usukani. Bado ni alasiri, lakini mvua imetia giza.

Alicheza. Mungu wangu, alicheza! Pointi ishirini na saba. Pasi moja ameitoa bila kutazama, katikati ya watu wanne, hata mwenzake alishangaa mpira umefikaje mikononi mwake. Halvorsen alikuwa kando yangu, kalamu mkononi, Bibi Earnestine safu ya mbele chini yetu. Robo ya pili akaiweka kalamu mfukoni. Namfahamu. Akiacha kuandika, ameshaamua. Na Tykeria hakuchechemea hata mara moja. Sijui ameyapeleka wapi yale maumivu. Wapinzani waliomkaba walimsukuma, wakamtania, "Bibi wee, kapumzike!" Akawajibu, "Nimechelewa kuzaliwa au nyinyi mmewahi kuchoka?"

Filimbi ya mwisho. Watu wakamkumbatia. Wachezaji wote wakaketi kuvua viatu. Yeye hakuketi. Alisimama katikati ya uwanja, ananitazama juu majukwaani. Nilijua kwa nini haketi. Akiketi, kuinuka hakupo.

Halvorsen akanigeukia. "Verlene, mimi nimeona mechi moja. Wewe umeona nyingi. Niambie nisichokiona."

Ningeweza kusema hakuna. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

Nikasema, "Goti la kushoto. Tangu Novemba."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alitazama chini mikono yake. "Limepigwa picha?"
"Bado. Anaogopa."
"Nafasi ni moja," akasema. "Siwezi kumpeleka mazoezini na goti nisilolijua, na siwezi kungoja hadi kiangazi." Kisha, "Angelikuwa mzima, ningemsainisha hapahapa, leo."

Nikamwomba asimwambie mbele ya wenzake. Akashuka mwenyewe. Mimi miguu ikanileta nje.

Mlango wa ukumbi umezuiwa kwa kiti usifunge, naona ndani. Halvorsen amechuchumaa mbele ya Tykeria, kiganja juu ya goti, anasema kitu. Tykeria anaitikia kwa kichwa. Anaitikia tena. Sasa ameketi. Ameketi sakafuni, palepale alipokuwa, miguu imenyooka mbele kama mtoto mdogo. Halvorsen naye ameketi. Mwalimu wa historia amesimama na begi la mipira, hajui aende wapi.

Bibi Earnestine amewasikiliza pale pembeni, sasa ametoka mlangoni. Hana koti. Anavuka maegesho, mvua yote juu yake, hakimbii. Anakuja kwenye gari langu.

Anazunguka upande wa abiria. Hagongi kioo. Amesimama tu, anangoja nifungue.