Mgeni Aliyepoteza Maneno

Jumatatu, 3 Machi
Karudi! Baada ya kimya cha wiki na wiki. Nilikuwa karakanani kwenye mashine ya matundu ya vifungo, simu ikatetemeka mfukoni, nikatoboa tundu mahali pasipo na kifungo. Bosi kanitazama kwa jicho la pembeni. Anitazame tu.

Ila kaandika nini? "Nipo. Endelea." Basi! Huyu huyu ambaye kuelezea mvua tu alikuwa anajaza skrini nzima. Jioni nyumbani mdogo wangu kachungulia simu, kacheka: shemeji wa kwenye chati kaishiwa bando. Nimemwambia si shemeji, ni mwenzangu wa hadithi. Haelewi. Hoteli yetu ya milimani tumeijenga kwa kuandikiana tu — mimi mwenye hoteli, yeye wageni wote. Mjane mwenye kiburi, askari kiziwi, mwizi mwenye adabu. Sura yake sijawahi kuiona. Najua ni fundi wa lifti, na najua hajawahi kunijibu kivivu. Mpaka leo.

Jumatano, 5 Machi
"Sawa." "Ndiyo." Nimekereka! Tuna kanuni yetu: kilicho nje ya mabano kinatokea hotelini, kilicho ndani ya mabano ni sisi wenyewe. Nikamwandikia ndani ya mabano: kama umechoka sema, mimi siwezi kuibeba hadithi peke yangu. Nikarudi kwenye mashine yangu. Kisha: (Sijachoka. Kesho mgeni mpya.)

Alhamisi, 6 Machi
Jamani, huyu mtu! Mgeni mpya ni mwanamume aliyepoteza maneno. Kaingia kalowa chapachapa, kasimama mbele ya kaunta: "Nataka... ile. Ya kulala. Miguu minne." Kitanda! Nimecheka peke yangu hadi fundi wa cherehani ya jirani kaniuliza kulikoni. Halafu machozi yakanilenga. Nani mwingine angewaza mgeni wa namna hii? Nikampandisha chumba cha juu, nikamtajia vitu: hili dirisha, hili pazia. Yeye anarudia. Wakati wa chai nimeisoma tena yote.

Jumapili, 9 Machi
Leo mgeni kapata "kijiko". Mchana mzima! Mimi napiga pasi nguo za wiki, jicho moja kwenye simu. Akikosa neno anazunguka kwa nyuma: "Ya supu. Ndogo. Ya kuchota." Hakati tamaa. Nampenda, kusema kweli.

Ila mwisho nikajitia ualimu. Ndani ya mabano: (Unaigiza vizuri mno, lakini hapa umezidisha. Nani ataamini mtu mzima kasahau kijiko?)

Hajajibu.

Jumanne, 11 Machi
Ujumbe umetoka kwenye namba yake, lakini si yeye. Ni dada yake mkubwa. Kaomba radhi kwa kuingilia. Mdogo wake alipata kiharusi — ndiyo sababu ya kile kimya. Mkono wa kulia hauna nguvu, maneno yanamponyoka. Hospitali wamemwambia afanye mazoezi ya kuzungumza na kuandika kila siku, na picha za wanyama walizompa kazitupa chini: yeye si mtoto wa chekechea. Anakubali kufanyia mazoezi kwenye hoteli yetu tu. Anaandika kwa kidole kimoja cha kushoto, jasho linamtoka, na hataki mtu amtajie neno. Dada akauliza: kwani wewe hakukuambia?

Hakuniambia. Mimi ndiye niliyemwambia haaminiki! Nimekaa stoo juu ya marobota ya vitambaa nikalia. Aibu, ndiyo. Lakini zaidi ya aibu — mtu gani huyu! Kapoteza karibu maneno yote, na machache aliyobaki nayo akaniletea mimi, kwa sababu ilikuwa zamu yake kuandika.

Ijumaa, 14 Machi
Tangu Jumanne nimekuwa mwenye hoteli mpole. Akianza tu "ile ya..." namalizia. Taulo! Taa! Naye akazidi kunyamaza. Asubuhi hii kashuka ngazi na begi. "Naondoka." Nikamuuliza kwa nini. Nikaenda kula chakula cha mchana, nikarudi. Kisha ndani ya mabano: (Wewe mgomvi. Mrudishe.)

Kweli. Mwenye hoteli wangu aligombana na kila mgeni aliyevuka kizingiti. Hata mgeni huyu, siku ile ya kijiko, alimsubirisha bila haya. Mgomvi huyo nimemuua kwa huruma yangu.

Jumamosi, 15 Machi
Leo nusu siku. Nimekaa ngazi za nyuma za karakana, nikamrudisha mwenye hoteli wangu mgomvi. Kashika kiuno mlangoni: "Huendi popote! Umenichafulia zulia kwa matope, halafu unataka kuondoka kama mfalme? Na hicho kilichovimba ndani ya begi ni nini? Umekichukua chumbani kwangu. Kitaje!"

Anaandika. Anaacha. Anaandika.

Dada yake kanitumia ujumbe kwa namba yake mwenyewe: anahangaika, kafumba ngumi, anauonyesha mto wake wa kitandani na neno halimjii. Tafadhali mdogo wangu, mwandikie tu "mto", yaishe. Nimemjibu: niwie radhi dada, siwezi. Kaniita mkatili.

Wenzangu wanatoka, wananiaga, sijui hata nimewajibu nini. Bado anaandika. Kaacha. Herufi tatu tu, naweza kuziandika nimefumba macho. Acha kwanza niweke kalamu chini, niikalie mikono yangu —