Mashine Iliyolelewa Vizuri

Kangemi, Nairobi
Jumamosi mchana

Mulembe, Mama,

Nakuamkia wewe kwanza, halafu Baba, na nauliza mguu wake unaamkaje na hii baridi. Bado anauweka juu ya kigoda akikaa, ama amerudia ukaidi wake? Na kifua cha nyanya yetu Kukhu je? Mimi mwili ni mzima, sina homa, nakula. Hayo ndiyo huwa nakuambia kwenye simu, nawe unasema haya, Mungu ni mwema, halafu salio linaisha. Lakini kuna mambo siwezi kuyasema huku nasikia unavyopumua upande ule mwingine. Nimeona heri niyaandike. Barua anakuletea Mama Sela wa kanisani, anakuja matanga ya kakake. Tafadhali usimpe mdogo wangu Wafula akusomee. Soma mwenyewe polepole, hata ikichukua siku mbili. Wafula ataisoma kama mtangazaji wa mpira na mimi nitaona aibu hata nikiwa huku.

Chumba bado ni kile cha nyuma ya soko. Dada Violet, yule binti wa shangazi aliyenipokea, bado anafagia usiku kwenye hospitali kule Upper Hill. Anaingia asubuhi nikiwa nimeshatoka, anatoka jioni kabla sijaingia. Kitanda chetu ni kimoja na hakijawahi kupoa. Nikilala nakuta joto lake kwenye blanketi, na nadhani yeye hukuta langu. Hivyo ndivyo tunavyoonana. Wakati mwingine ananiachia chai kwenye chupa, na mimi namwachia mboga ya sukuma imefunikwa na sahani. Ukiniuliza sura yake siku hizi ikoje, nitabahatisha.

Kazi ndiyo nilitaka kukueleza, kwa sababu kila mara unaniuliza na kila mara nasema ni ya mashine, nawe unafikiri ni cherehani. Si cherehani. Karakana yetu iko upande wa pili wa Waiyaki Way, naenda kwa miguu. Tunatengeneza mashine ambazo huwezi kuzikuta dukani, maana kila moja inafanyiwa kiwanda kimoja na kazi moja tu. Mwenye kiwanda anakuja anasema, nataka kitu cha kushika utambi na kuuweka katikati ya mshumaa. Basi Injinia Njoki anakaa na kalamu, anachora, na baada ya miezi mashine inasimama pale inashika utambi, na hakuna nyingine kama hiyo duniani. Nilipofika walikuwa wanamaliza ya kukunja maboksi ya vifaranga. Nilisimama nikaitazama mpaka fundi Mutua akaniuliza kama nataka nichumbiwe nayo.

Injinia Njoki ndiye mwenye karakana. Ni mama mtu mzima, kwao ni upande wa Limuru, na haongei sana. Alinichukua kwa majaribio kwa sababu nilipita fizikia, na kwa sababu naandika Kiingereza na Kiswahili bila kuchanganya. Aliniambia hivi, mashine hii ya sasa ikitoka, ndipo atajua kama nabaki au narudi nyumbani. Kwa hiyo, Mama, tangu mvua zianze mimi nilikuwa naishi kwa hiyo mashine.

Ni ya kiwanda cha sabuni. Kuna meza ya duara, ina vikombe vya chuma pembeni. Mfanyakazi anaweka kipande cha sabuni kwenye kikombe, meza inazunguka kidogo, kile kipande kinafika chini ya muhuri, muhuri unashuka kwa nguvu ya hewa na kupiga jina. Huyu anaweka, ile inazunguka, anaweka, inazunguka. Zamani akina mama wa pale walikuwa wanapiga muhuri kwa mkono, na nyundo ya mbao, kutwa nzima.

Sasa lazima mfanyakazi ajue meza inataka kwenda ili atoe mkono. Taa haifai, kwa sababu macho yake yako kwenye sabuni. Mwenye kiwanda akasema anataka mashine iongee, na iongee Kiswahili. Injinia akaniandikia maneno ya Kiingereza kwenye karatasi, akaniambia niyaweke kwa Kiswahili na niyasome mwenyewe kwenye simu, maana sauti yangu haina makwaruzo. Mimi, Mama. Mimi ambaye mwalimu alikuwa ananiambia niongee na darasa, nisiongee na dawati.

Nilifikiria hao watakaosikia. Niliambiwa ni akina mama, wengi rika lako. Ningeanzaje kumwambia mtu wa rika lako toa mkono, hivyo tu, kama anayefukuza kuku? Nikaandika, nikasoma: "Samahani mama, tafadhali naomba utoe mkono, meza inataka kuzunguka." Nikarudia mpaka ikawa tamu. Tulipoitia kwenye mashine Mutua alicheka akashika tumbo. Akasema hii mashine imelelewa vizuri, imeshinda hata watoto wake. Hata Injinia alitabasamu. Siku hiyo nilitembea nikirudi nyumbani kama mtu aliyeitwa jina lake barabarani.

Wiki iliyofuata kiwanda kilituletea mama mmoja aje ajifunze, ili akawafundishe wengine. Anaitwa Mama Truphena. Ni mtu wa kwetu, nyumbani kwake si mbali na Kakamega, mwili mkubwa, anacheka kabla hujamaliza kusema. Alinisalimia kwa lugha yetu na nusura nilie hapo hapo kati ya vyuma.

Nataka uelewe hii sehemu vizuri. Mashine inatakiwa kuwa na jicho, kile kifaa kinachoona kama mkono uko ndani na kuzuia meza isiende. Jicho letu lilikuwa limeagizwa nje na bado lilikuwa limekwama bandarini. Injinia akasema tujaribu bila jicho, kwa hewa kidogo na mwendo wa pole, na sauti itatosha. Mutua alikuwa ameipanga meza iondoke muda mfupi tu baada ya sauti kuanza. Yeye na Injinia walikuwa wameijaribu mara nyingi na haikuwapata. Wao wakisikia sauti tu, wanatoa mkono, hawangoji maneno.

Mama Truphena akaweka sabuni. Spika ikasema samahani mama. Akainua uso kutazama ile spika, kwa heshima, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyekuja kumwomba kitu. Mkono ukabaki pale pale. Meza ikaenda.

Kidole kilibanwa kati ya kikombe na ubao wa pembeni usiozunguka. Mutua alizima upesi, hakikukatika wala mfupa haukuvunjika, lakini kucha ilitoka na damu ilichuruzika juu ya sabuni nyeupe. Injinia alimfunga, akampeleka zahanati yeye mwenyewe. Waliporudi alimkalisha na kumuuliza polepole ilikuwaje, kwani hakuisikia mashine?

"Nilisikia," Mama Truphena akasema. "Nilikuwa nangoja amalize kuniomba."

Mimi nilikuwa nimesimama na kitambaa nilichopangusia ile damu mkononi. Adabu yangu, Mama, ile uliyonifundisha, ndiyo ilimshika mkono.

Injinia hakunigombeza. Alisema kosa ni lake kwa kuendesha bila jicho, na hataendesha tena mpaka lifike, na kweli hakuendesha. Alisema hata hivyo sauti lazima ibaki, maana jicho nalo huharibika, na lazima iwe maneno mawili, basi. Akaniambia nikaisome upya. Nikaenda. Niliposoma "toa mkono" ilitoka kama swali. Nikarudia, ikatoka kama naomba chumvi kwa jirani. Mutua akajaribu yake. Mama Truphena akaisikiliza akasema, "Hiyo ni ya msimamizi. Hizo sisi tumezoea, zinapita juu ya kichwa kama ndege."

Ndipo Injinia akaniita kando, karibu na ile mashine ya kutoboa chuma. Hakupandisha sauti. Aliniambia, "Nekesa, wewe kazi unaijua. Lakini hapa kuna siku utaona chuma kinamwangukia mwenzako. Kama utaanza na samahani, utamzika. Sitaki kukaa na mtu kama huyo, hata akiwa mzuri namna gani." Akasema watu wa kiwanda wanakuja mwisho wa wiki kuikagua mashine. Nikaelewa ana maana gani.

Nilipika jioni ile sikula. Nilijaribu kupiga kelele chumbani, lakini majirani wako karibu, ukuta ni mabati, ningemfokea nani? Sahani? Nikajaribu kwa kunong'ona. Umewahi kusikia mtu anafoka kwa kunong'ona? Nilijicheka halafu nikanyamaza, kwa sababu kucheka peke yako ndani ya chumba kuna namna kunavyokurudia kutoka ukutani.

Kesho yake Mama Truphena ndiye alinifuata stoo, nilikokwenda kujificha kati ya makatoni na simu yangu. Akaketi juu ya ndoo, kidole kimefungwa kama mtoto mchanga, akaweka mkono juu ya katoni mbele yangu.

"Haya, nifokee."

Nikamwambia siwezi.

"Kwa nini?"

"Wewe ni mama."

"Na kwenu nani alikuwa anafokea?"

"Mama."

"Kumbe sisi ndio wenye kazi hiyo," akasema. "Alikuwa anafokaje?"

Hapo nilikumbuka siku ile ya kinu cha miwa, kwa yule mzee wa sukari guru. Sijui kama wewe unaikumbuka. Nilikuwa mdogo. Maji ya miwa yalikuwa yanamwagika mazuri kati ya yale magogo ya chuma, nikanyoosha kidole nionje. Ulikuwa mbali, una mzigo kichwani. Ulichosema hakikuwa na jina langu ndani yake wala tafadhali. Ulitupa mzigo, na sauti ilinifika kabla sijajua ni ya nani, mpaka wale ng'ombe waliokuwa wanazungusha kinu wakasimama. Halafu ulinichapa. Halafu ulinikumbatia mpaka nikashindwa kupumua, na moyo wako ulikuwa unagonga sikio langu. Miaka yote nimekumbuka kile kibao. Pale stoo ndipo nilikumbuka ule moyo.

Nilibonyeza simu, nikautazama ule mkono wa Mama Truphena uliofungwa, nikafungua mdomo.

"Wewe! Mkono!"

Haikuwa sauti yangu, Mama. Ilikuwa yako, nimeiweka tu kwa Kiswahili. Mama Truphena alirusha mkono kutoka kwenye katoni kana kwamba imeshika moto, karibu aanguke na ile ndoo. Huko nje Mutua aliangusha spana. Mama Truphena akatulia, akanitazama, halafu akacheka mpaka akashika kile kidole kwa maumivu. "Hiyo," akasema. "Hiyo hata nikiwa usingizini." Nilimwomba msamaha. Akaniambia nikimwomba msamaha tena atanichapa.

Jicho lilifika, likafungwa kwenye mashine. Watu wa kiwanda walikuja na akina mama wengine wawili, na kila meza ilipotaka kuzunguka wote watatu walitoa mikono kama watoto wa mtu mmoja. Mmoja aliuliza huyu anayefoka ndani ya spika ni mama wa nani. Mama Truphena alinionyesha kwa mdomo, na hawakuamini. Baadaye aliniambia wenzake wengine watahamishiwa upande wa kufunga makatoni, na kwamba wako wanaoogopa kwamba hata huko siku moja itakuja mashine. Niliona heri nikuambie hilo pia, usidhani nimefanya mazuri matupu.

Injinia aliniambia nije Jumatatu na aproni yangu mwenyewe. Hivyo tu. Maana yake nimebaki. Mutua ananiita Kamanda.

Jana mashine ilipakiwa kwenye lori ikaenda. Mahali iliposimama pamebaki alama nne za miguu kwenye saruji, na nilipofagia nilizunguka hapo kama mtu anayezunguka kaburi. Ilikuwa inanifokea kutwa, unajua. Kila mara Mutua akiijaribu mimi nilikuwa nashtuka nageuka, mwili unadhani ni wewe.

Watu wa hapa si wabaya. Mwenye mboga ananiita kastoma. Askari wa langoni ananiita madam. Ukimkanyaga mtu barabarani yeye ndiye anakuambia pole, na anapita. Hakuna anayeniuliza kwa nini nimechelewa, wala kwa nini sikuvaa sweta. Tangu nifike sijafokewa na mtu, Mama, isipokuwa na ile mashine, na sasa imeondoka na sauti yako, inawaangalia mama wa watu wengine.

Nisalimie Kukhu, mwambie dawa ni ya kunywa, si ya kuficha chini ya mkeka. Nisalimie Baba, na yule shangazi wa mtoni anayeniombea kila Ijumaa. Wafula mwambie asome fizikia, na asiguse sanduku langu. Mama Sela ana pakiti ya majani ya chai na sabuni vipande viwili, vya kiwanda hicho hicho. Ukivitazama utaona muhuri umekaa katikati sawasawa.

Nawe ukinipigia Jumapili, usiniulize kama niko sawa. Nitasema niko sawa. Nigombeze kidogo kwanza, kwa lolote utakaloliona, hata kwa kuandika barua ndefu hivi badala ya kulala. Kisha tuongee.

Ni mimi, mtoto wako,
Nekesa